Mashine Iliyozama Ikiwaka

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Habari za huko? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimekubali ulale. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda kidogo ameshasahau na anagombana na kuku. Shemeji yako hajambo, ila boti yetu haina mashine tangu ile ya zamani ilipotuaga, kwa hiyo anashinda nyumbani akinikosoa ninavyopika. Niombee.

Sasa keti, kaka. Ninachokuandikia si cha kusoma umesimama.

Wiki iliyopita tulisikia kwamba Macho Manne, yule fundi wa miwani mizito kule gatini, anauza mashine ya mtumba. Tukaenda. Tukaikuta imepakwa rangi mpya, inang'aa kama inaenda kuolewa. Shemeji yako akaanza kutabasamu. Nikamkanyaga mguu, maana unajua mwenyewe, ukishatabasamu mbele ya muuzaji umeliwa.

Nikafanya vile baba alivyotufundisha sisi watatu karakanani. Kwanza niliishika kabla haijawashwa, nione kama hajaipasha moto kutudanganya. Ilikuwa baridi. Nikalegeza skrubu ya chini, oili ya gia ikatoka safi, haina weupe wa maji. Macho Manne akavuta kamba, ikawaka. Lakini ilikuwa inachechemea, kaka. Ukiweka kiganja juu yake unausikia mtikiso usio sawa.

Nikamwambia atoe plagi zote mbili. Nikachomeka kijiti cha ufagio tundu la kwanza, nikaizungusha mashine kwa mkono mpaka pistoni ikafika juu kabisa, nikaweka alama kwa ukucha. Tundu la pili kijiti kilizama zaidi. Pistoni ile haifiki juu, na wewe unajua maana yake: konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, imepinda.

"Hii ilizama?" nikamuuliza.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Dada, sitakudanganya. Wavuvi wa ng'ambo ndio walioniuzia. Wanasema iliingia kwenye nyavu zao katikati ya ziwa, mwaka wa nne huu. Walinyamaza, wakaogopa mwenyewe asije kuidai."

"Na rangi yote hii?"

"Rangi ni biashara, dada."

Nikaona basi, mbovu, twende zetu. Nikachukua kifuniko nikirudishie. Nilipokigeuza ndani nikaona, mahali pa komeo lililovunjika, pamefungwa bawaba ya shaba yenye maua.

Kaka, ile ni bawaba ya kabati la mama. Ile aliyoing'oa mdogo wetu, Bwana Mdogo, afungie kifuniko cha mashine yake, mama akamkimbiza na mwiko uani, naye anacheka mpaka anakosa pumzi. Mlango ule tunaufunga kwa kitambaa hadi leo. Nilikaa chini palepale kwenye matope. Shemeji yako alidhani nimeugua ghafla.

Miaka yote hii tumeambiwa, na wewe ukaamini, kwamba mdogo wetu alifungua mashine uliyomnunulia kwa jasho lako, akaiuza, akaiacha boti ielee tupu, akatoroka. Kila mtu alisema ubao wa nyuma ya boti umekutwa mzima, kwa hiyo mashine ilifunguliwa kwa mkono. Lakini vibano vinavyoishika ubaoni vikilegea kwa mtikiso mashine huruka yenyewe, na ubao hubaki mzima. Baba alituonya kila siku. Na konrodi haipindi kwa uzee. Inapinda mashine ikimeza maji huku inazunguka. Mashine iliyozimwa ikabebwa begani kwenda kuuzwa haiwezi kupinda namna ile.

Ilikuwa inawaka, kaka. Alikuwa safarini, kazini kwake. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa kilichotokea. Ila namjua yule mtoto. Mvua ikinyesha alikuwa anavua shati aifunike. Mashine ya kaka yake ikiruka majini, asingebaki ameketi anaitazama; angeirukia.

Kwa kazi haifai kitu, nakwambia ukweli. Lakini tumeinunua. Macho Manne aliposikia habari yake alituachia kwa bei ya chuma chakavu, akatusaidia hata kuibeba. Iko chumbani kwa Bwana Mdogo, nimeilaza juu ya gunia.

Mama nilimwekea bawaba mkononi. Akaipapasa, akaipapasa. Akasema, "Kumbe hakutukimbia." Ndipo akalia. Hakuwahi kumlilia mbele ya mtu, aliona haya kumlilia mtoto ambaye watu wanamwita mwizi. Sasa analia kwa sauti na majirani wanakuja kukaa naye. Roho inaniuma, lakini afadhali hivi.

Sikuandikii kukulaumu. Uliumia, na ulikuwa na haki. Ila tangu wakati ule hujamtaja hata mara moja, na kila ukipiga simu mama anasubiri. Ukikata, anaishika ile simu muda mrefu. Safari hii usianze na miguu yake. Anza na Bwana Mdogo.

Shemeji yako anakusalimu sana, na shangazi pia, ambaye anadai umenenepa, sijui amekuona wapi. Msalimie wifi, na watoto waambie nimewakumbuka mno.

Jambo moja limebaki. Jana nilitaka kuirudisha bawaba kabatini, mama akanipokonya. Anasema kazi hiyo ni yako, utaifunga ukija kumlilia mdogo wako. Bisibisi ya baba nimeshaitafuta, ipo juu ya kabati.

Mungu akulinde huko, na akufikishe kwetu salama.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako.