Mchanga Mtupu

Mji wa Kale, Mombasa

Mkaza mwanangu Maisara,

Salamu zikufikie huko Lamu, wewe na mamako. Mimi mzima, meno yaliyobaki ni mawili, nayo hayasemezani.

Nimepata kazi ya upishi kwenye boti ya wapima bahari. Wana mashine inayopiga sauti chini, kisha hupima nguvu ya mwangwi: jiwe hujibu kwa kelele, matope hunong'ona. Kila asubuhi huisawazisha kwanza, isije ikadanganya, kwa kupita huku na huku juu ya mchanga mmoja wanaoujua vyema. Nikamtania mkubwa wao, binti aitwaye Mutanu, "Mwazunguka kama waliopoteza miwani!"

"Mzee, angalia sufuria yako," akanijibu.

Jana nilichungulia nje nikapatambua. Ni pale nje ya mlango wa bandari, wavuvi walipomwona Khubaib wetu akizama na boti yake. Nikamwuliza Mutanu kwa nini wamechagua pale.

"Kwa sababu hakuna kitu, mzee. Si jiwe, si chuma. Tumepita mara nyingi, hata mchanga wenyewe tumeuchota tukautazama."

Niliwapikia chai nikatia chumvi badala ya sukari, nao wakanywa kwa adabu.

Ulisema hutakaa eda mpaka boti ya mumeo ionekane. Haitaonekana, mwanangu. Mkondo umechukua yote. Kaa eda. Hitima nitamsomea mimi, ingawa wajua katika chuo cha Kurani nilikuwa mtoro.

Mkweo mkorofi,
Muhdhar