Pijo Uliyoilaza kwa Wiki Mbili

Wandera,

Barua zako zote kutoka Tororo zilianza kwa kuniuliza hali. Mimi leo sikuulizi. Hali yako naijua, tumekuzika Jumamosi. Yaani tumezika mgomba. Nina hasira na wewe, ndugu yangu, mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ungekuwa hai ningekupiga kofi kwanza ndipo tusalimiane.

Wiki mbili. Si ndivyo ulivyosema? Ulivuka mpaka na Pijo yako nyeupe, ukaiegesha nyuma ya jiko langu hapa Busia, ukaniambia, "Nabwire, naifuata baada ya wiki mbili." Ochwo, mwalimu mwenzako, alikuwa amekamatwa na askari wa huko, na wewe ukajiambia kwamba ukirudi kwa miguu, polepole, ukiongea na watu vizuri, utamtoa. Nikakwambia wacha. Nikakwambia hata wewe wanakutafuta. Ukacheka. Ulikuwa na tabia hiyo mbaya, kucheka mtu akikuambia ukweli.

Halafu Jumapili nzima, watu wakiwa kanisani, wewe uko chini ya gari. Ukaipandisha juu ya mawe ili matairi yasiguse udongo. Ukamwaga maji yote ya rejeta. Ukafungua plagi, ukatia oili kidogo kwenye kila tundu, ukanifanya nizungushe injini kwa hendeli ya mbele mpaka bega likauma. Bampa ukazipaka girisi. Hendibreki ukaiachilia, ati isije ikashikana. Betri ukaniletea ndani, ikae juu ya ubao karibu na cherehani yangu. Na mimi mjinga nakupa spana, nadhani ni maringo tu ya mtu mwenye gari.

Mwisho ukataka kitambaa cha kuziba ekzosi, lile bomba la moshi, panya wasiingie. Mimi ni mshonaji, Wandera! Nina gunia zima la vipande. Lakini wewe ukavua shati yako, ile ya buluu niliyokushonea mwenyewe, kola nimeirudia mara mbili kwa sababu ya hiyo shingo yako ndefu. Nilikupigia kelele majirani wakasikia. Ukaikunja, ukaisukuma ndani kwa kijiti, ukasema, "Hii usiitoe. Nitaitoa mwenyewe, halafu utanishonea nyingine." Ukaenda na fulana na koti juu.

Wiki mbili zikaisha. Mvua ndefu ikaja, ikaenda, ikarudi tena. Nilifyeka nyasi chini ya hiyo gari kwa mikono yangu, nikakaza kamba za turubai kila upepo ulipozilegeza. Kila tajiri anayeelekea Malaba anasimama kuuliza, mama, hiyo Pijo mnauza? Nawafukuza. Mwenyewe anakuja! Mpaka watu wakaanza kuniitikia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Siku moja mchana nikamwona Ochwo langoni. Amekonda, lakini ni yeye. Nilishika kuku nikachinja kabla hajafungua mdomo, maana nilidhani uko nyuma yake, boda boda imekawia tu, zile baiskeli zao mbovu. Nikawa natazama barabara huku namenya vitunguu. Ndipo akasema. Walikushika siku ile ile ulipoenda kumuulizia. Mlikaa chumba kimoja siku nyingi. Asubuhi moja wakakuita, na baadaye akaona kwa dirisha wakikubeba, wakakutupa kwenye lori.

Nilimchukia Ochwo. Nasema bila aibu. Alikuwa hai na alikuwa anakula kuku wangu.

Baba mdogo akaja kutoka Khunyangu na neno la ukoo. Mtu ambaye mwili wake haupatikani anazikwa kwa mgomba, na mgomba unavishwa nguo yake, apate kutulia. Akaniambia, leta nguo ya Wandera. Nguo zako zote ziko ng'ambo. Hapa kulikuwa na moja tu, na mimi nilijua iko wapi. Nikasema hakuna. Siku tatu mfululizo nilimwambia mzee wa watu uongo machoni, kwa sababu ulisema nisiitoe, na nikiitoa mimi, basi wewe huji tena.

Siku ya nne akaja na fundi wa Amagoro, gari ishushwe. Alisema haifai kubaki juu ya mawe inamngoja mtu tunayemzika. Fundi akafunua turubai. Akafungua plagi moja, akachungulia. Akafungua tangi, petroli imejaa mpaka shingoni. Akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama, aliyefanya hii anajua kazi. Lakini hii si gari ya wiki mbili. Ya wiki mbili unafunga milango unaenda. Hii imelazwa ya miaka."

Wandera!

Ulijua. Ulikuwa pale chini unapiga miluzi, na ulijua. Mimi nazungusha hendeli, natoka jasho, nakutania kwamba gari unaipenda kuliko bibi, na wewe unajua! Gari uliifunika kwa turubai. Mimi ulinifunika kwa wiki mbili. Mbona hukuniambia? Najua mbona. Ungeniambia ningelala barabarani mbele ya miguu yako, na usingeniruka. Basi ungeniacha nilale! Nilikuwa na haki ya kulala pale, na ulininyang'anya.

Shati niliitoa mwenyewe. Nilimwambia fundi akae kando. Ilikuwa imekauka kama ganda, mkono mmoja panya wamekula, lakini kola iko nzima. Sikuifua. Niliuvisha mgomba wako, nikafunga vifungo vyote mpaka juu. Mgomba hauna shingo, Wandera. Kola ilikaa wazi, hivyo tu, na hapo ndipo nilipolia.

Baada ya mazishi fundi alitia maji, akaweka betri yake mwenyewe, maana yako ilikuwa imekufa, akawasha. Mara ya tatu ikashika. Moshi mweupe ulifunika boma lote, watoto wakapiga makofi. Nilitamani ikatae. Ingekataa ningejua ulikosea hata kitu kimoja.

Haya. Baba mdogo anataka iuzwe. Nimekataa. Fundi ameanza kunifundisha, jana nimegonga choo cha jirani, lakini nitajua. Na siku huko ng'ambo kutakapotulia nitavuka na Pijo hii hii, nimchukue Ochwo anionyeshe njia ya lile lori, niulize nyumba kwa nyumba mpaka nipate walipokutupa. Nitakuleta nyumbani. Mgomba tutautoa, uingie wewe.

Shati nyingine nimeanza kukata. Ya buluu.

Lala hapo ulipo, ndugu yangu, na bado nimekasirika. Nakuja. Siku sitaji. Hutanisikia mimi nikisema wiki mbili.

Dada yako,
Nabwire