Nani Aliyekuwa Akikulisha Halwa?

Mama yangu,

Najua hutanijibu, na hata ulipokuwa hai hukuwa ukinijibu sawasawa. Nikikuuliza umekula nini leo, unasema, "Humu ndani sijagusa kitamu, mwanangu, Wallahi." Jioni nakupima kidoleni, sukari iko juu.

Tangu daktari akwambie una kisukari, uliifukuza Unguja yote jikoni mwetu. Muhogo wa nazi, mkate wa kumimina, vileja vya Idi, vyote marufuku. Tukala samaki wa kuchoma na mboga mpaka mjukuu wako akauliza kama tumefilisika. Na sukari haishuki! Nikamshuku mtumishi. Nikapekua mkoba wako, friji, mpaka chini ya godoro. Halafu siku moja nilikushika mkono, vidole vikanukia zafarani na marashi ya mawaridi. Nikajua iko nyumba unakolishwa halwa.

Nyumba yenyewe ya Bi Zuwena, jirani yetu hapa Azaiba, huku Uarabuni, ulikokuwa ukienda kila asubuhi kunywa kahawa. Nilipokugombeza ulisema, "Nikiikataa halwa yake watasema sisi wa Zanzibar tunajidai. Kule waliniita Mwarabu, hapa wananiita Mzanzibari. Basi wapi nitakuwa mwenyeji mie?"

Nikakuacha uendelee kwenda. Lakini ulipokufa nilimwekea kinyongo yule mama. Kwenye matanga analia, mie namtazama mkono tu, nikijisemea huo ndio uliokuua.

Juzi nikamwendea, nimeshapanga maneno yangu. Akaleta sinia, tende na halwa, akachota yeye kwanza, maana mwenyeji hamwachi mgeni ale peke yake. Alipokunja goti nikauona mguu wake umefungwa bendeji, kama ulivyokuwa wako mwaka wa mwisho. Nikamuuliza. Akatazama mlangoni kwanza, asije bintiye akasikia, ndipo akaniambia kwa Kiarabu cha taratibu kwamba ana sukari tangu zamani kuliko wewe. Daktari wake amemkataza tende, halwa, vyote. "Lakini mama yako," akasema, "alikuwa akija na hamu yake, ningemwaibishaje kwa kutokula naye?"

Mama! Wewe ukila kwa ajili yake, naye akila kwa ajili yako. Nililia pale pale, na yale maneno niliyoyapanga sikuyaona tena.

Ila mie nakujua. Aliposema hayo alitabasamu kidogo, na tabasamu lile halikunipendeza. Nashuku mlikuwa mkijuana kuwa nyote mna sukari, mkifichiana siri mbele ya mabinti zenu. Haya, hilo umeondoka nalo.

Lala salama, Mama yangu, Mola akuangazie kaburi lako. Ahadi yangu ni hii. Kesho asubuhi nitakwenda kukaa mahali pako. Kahawa nitakunywa, na sinia likiletwa nitakuwa wa kwanza kusema hapana, ili naye apate kukataa. Wakisema tunajidai, waseme. Huyu simwachi akufuate kwa ajili ya adabu.

Mwanao