Uzi Mwekundu kwenye Mfuko wa Fimbo

3 Februari

Binti yangu,

Habari za huko? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio mgonjwa. Nimerudi safari ya kazi ya miezi mitatu, nimefungua mfuko niliokuachia, na fimbo yangu ya pool imepinda! Nimeiviringisha juu ya meza ya klabu, ncha ikadunda: tak, tak, tak. Wenzangu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Uliiweka karibu na jiko, au wajukuu wameigeuza farasi? Usijitetee. Nimeshampigia simu mama mkwe wako, ajue anaishi na mtu wa namna gani. Mbao haisemi uongo.

Baba yako

9 Februari

Baba, shikamoo. Pole na safari. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimia.

Zipu ya mfuko ilikuwa mbovu. Uliniambia niushone mdomo, nisiufungue mpaka urudi. Niliushona kwa uzi mwekundu, nikaulaza juu ya kabati, ukaja ukauchukua hivyo hivyo. Huo uzi aliukata nani?

Mama mkwe sasa anayafungia mabakuli yake kabatini. Nikipita anawaambia wenzake, "Shikeni vyenu." Kama nimekosa, nisamehe.

Mwanao

20 Juni

Binti yangu,

Natumaini mu wazima. Sijui hata kama nina haki ya kuuliza.

Barua yako niliisoma nikauendea mfuko. Uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia bado. Niliukata mimi, kwa wembe wangu wa kunyolea. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha msasa kilichoganda chaki ya bluu ninayopaka ncha ya fimbo. Changu. Siku ya kuondoka niliiosha fimbo kwa maji ya sabuni, nikaikwangua kwa msasa ili iteleze mkononi, nikaitia mfukoni ikiwa imelowa kwa sababu ya haraka. Mbao iliyokwanguliwa hunywa maji kama mlevi. Nawe, kwa utiifu wako, ukayashonea maji yangu humo ndani.

Haya niliyajua tangu Februari. Miezi minne! Mimi ninayepiga meza kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi kwamba mfanyakazi asifukuzwe bila kusikilizwa, nilikuhukumu kwa simu, kisha nikauchuna kimya, nikimwogopa mtoto niliyemfundisha kutembea.

Jumamosi niliwaambia klabuni. Hawakucheka, afadhali wangecheka. Jana nikampigia mama mkwe wako, nikakiri. Akauliza, "Na makelele yale yote, mzee mwenzangu, yalikuwa ya nini?"

Baba yako

28 Juni

Baba, shikamoo. Tuko salama. Mama mkwe ametoa mabakuli, ingawa bado anayatupia jicho.

Fimbo usiitupe. Pazia la chumba cha wageni halina cha kulining'iniza, na dirisha lenyewe halijanyooka. Ilete mwenyewe, usimtume mtu. Na ubebe nguo za kulalia.

Mwanao