Meli ya Baba Inakwama Bandarini

Jumanne, 2 Septemba

Uji, dawa ya presha, kumfuta baba uso, kuwasha kompyuta. Kama kila asubuhi. Meli ikang'oa nanga vizuri, ikapita kisiwa, ikakaribia bandari. Ikaganda. Ikasogea kidogo, ikaganda tena, kisha ikaruka na kugonga gati. Baba akaachia mausi.

Nimechoka. Baba alishika usukani wa meli pale bandari ya Itungi, huku kwetu Kyela, tangu sijazaliwa hadi alipostaafu. Kiharusi cha mwaka jana kikamnyang'anya mkono wa kulia na karibu maneno yote. Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alisema mkono utafutiwe kazi, la sivyo utakauka. Tulimpa mpira wa kuminya, akautupa. Tukampa karanga amenye, akatutazama kama tumemtukana. Gemu la meli ndilo alilolikubali. Binamu yangu Ambakisye, aliyeko Mbeya, aliliweka kwenye kompyuta yangu ninayochapia mitihani ya shule na barua za watu. Siku ile mkono wa kulia ulitambaa wenyewe hadi kwenye mausi. Mama alilia.

Sasa gemu linakwama pale pale anapotaka kufika.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeuliza watu. Bora nisingeuliza.

Fundi Lusajo wa sokoni anasema RAM ni ndogo, niongeze. Ambakisye kwenye simu anasema RAM haina kosa, tatizo ni kompyuta kukosa kadi ya grafiki. Mtu mmoja kwenye video anasema wote waongo, ninunue SSD kwanza. Mwingine anasema ukiweka kadi kali kwenye prosesa dhaifu umetupa hela, sababu kimoja kinakuwa shingo ya chupa kwa kingine. Nimeitazama hiyo video hadi bando likaisha. Sikuelewa shingo iko wapi wala chupa ni ipi.

Naweza kumega hela ya kitu kimoja tu. Ni ya kakao, na mama alishaipangia bati za jikoni. Nikikosea, mpaka msimu mwingine.

Baba leo hakugusa mausi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimenunua RAM. Nilichagua kama mtu anayechagua ndizi gizani. Lusajo alikuja hadi nyumbani kwetu Bondeni, akaichomeka, akawasha, ikawaka. Akaondoka. Mama alinyanyua macho tu kuangalia paa la jiko.

Jumapili, 7 Septemba

Imekubali!

Tumerudi kanisani, nikafungua dirisha, nikamweka baba kitini. Meli ilikwenda laini tangu mwanzo. Kisiwa, mnara, maboya. Bandari ikaonekana yote, na makontena yake na kreni zake, haikuganda hata kidogo. Baba akasema "taratibu". Alijiambia mwenyewe. Neno zima, halina kigugumizi.

Kabla hajafika gatini wakaingia wazee wa kanisa kumjulia hali. Ikabidi kuzima. Niliwapikia chai kwa kinyongo, Mungu anisamehe.

Nimempigia Ambakisye kumcheka na kadi yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Imeganda.

Vile vile. Pale pale. Sielewi. Jana RAM ilikuwa nzima, leo imekuwaje? Nimezima, nimewasha. Nimetoa picha za zamani, nimefuta nyimbo. Imeganda. Nimeipiga kofi. Baba aliona nikiipiga.

Jumatano, 10 Septemba

Lusajo ameipima RAM, anasema nzima. Sasa na yeye anasema ni kadi. Wiki iliyopita hakuisema hiyo kadi. Nikamuuliza mbona Jumapili ilikubali, akakuna kichwa. Akasema kompyuta nazo zina siku zao. Na huyo ndiye fundi.

Mashine ya kukoboa mpunga nyuma ya nyumba imeunguruma tangu asubuhi. Mpunga unaletwa mpaka na bajaji. Pumba zinaingia hadi kwenye sukari. Nimefunga dirisha, nimeziba na kitenge, na bado kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya. Baba ameisukuma mausi ikaanguka chini. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha mapajani, umekunjwa. Dada wa mazoezi alikuja mchana, akajaribu kunyoosha vidole, baba akakunja uso. Dada akaniita uani. Akasema vidole vimeanza kukaza, na vikishakaza kuvirudisha ni kazi. Akauliza kwani lile gemu limeishia wapi.

Ningesema nini, kwamba sijui shingo ya chupa?

Mke wa kaka yangu angenisaidia, ila kwetu mkwe wa kike haingii alipo baba mkwe, na baba ni wa mila. Kaka yuko shambani Ipinda. Kwa hiyo ni mimi. Naogopa.

Jumapili, 14 Septemba

Imekubali tena.

Sijabadilisha kitu! Meli imeteleza. Nilimbembeleza baba, akaweka mkono, akaenda hadi maboya ya mwisho. Umeme ukakatika.

Mama anasema kompyuta imeokoka, inatunza siku ya Bwana. Anacheka. Mimi sicheki. Naona kama nachezewa.

Jumatatu, 15 Septemba

Imeganda. Nilijua.

Ambakisye amepata kadi iliyotumika, kwa mtu wa Mbeya. Bei nzuri, anasema, ila kuna mwingine anaitaka, nijibu leo. Nimeuliza itaingia kwenye kompyuta yangu? Akasema itaingia. Nimemtumia hela yote ya bati iliyobaki. Mama sijamwambia.

Jumanne, 16 Septemba

Kadi imefika na basi la mchana. Lusajo ameitazama, akatazama ndani ya kompyuta, akatazama tena kadi. Anasema inahitaji pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kubwa kuliko hii. Hii hapa haiwezi kuibeba, na waya wake wa ziada haupo kabisa. Ambakisye alijua? Hakuuliza. Na mimi sikujua kwamba hilo ni swali.

Mwenye kadi hapokei simu.

Nimemwambia mama. Akaichukua kadi, akaigeuzageuza, akaiweka juu ya kabati. "Hilo sasa ndilo bati letu," akasema.

Ni heri angenigombeza.

Alhamisi, 18 Septemba

Ngoja niandike polepole nisije nikajichanganya.

Leo nilimwashia baba kwa mazoea tu, dirisha limefungwa kama kawaida. Meli ikaganda kama kawaida. Baba akaachia. Mara nyuma ya nyumba pakalia kishindo, mashine ya mpunga ikanyamaza. Nikafungua dirisha kuchungulia. Mkanda umekatika, watu wamekaa juu ya magunia wakilaumiana, mwenye mashine amekwenda mjini kutafuta mwingine. Nikaacha dirisha wazi, upepo wa ziwani ukaingia. Nikaenda kuosha vyombo.

Niliporudi, meli ilikuwa inatembea. Mkono wa baba ulikuwa juu ya mausi. Sikuwa nimemwekea mimi.

Ni Alhamisi. Siyo Jumapili.

Nikasimama pale kama mjinga. Jumapili mashine ya mpunga haifanyi kazi. Jumapili nafungua dirisha. Nikagusa boksi la kompyuta, mkono ukaruka. Linachoma kama sufuria. Nikafunga dirisha, nikakaa, jasho likanitoka, na meli ikaanza kukwamakwama. Nikafungua. Baada ya muda ikatulia. Nikafunga tena. Baba akanitazama vibaya, nikaacha.

Nikalifungua boksi mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Pumba! Feni ya prosesa haionekani, imevaa koti la pumba na vumbi. Kwa hiyo maskini prosesa ilikuwa inajipika humo ndani, inapunguza mwendo isife. Lusajo alilifungua siku ya RAM, na siku ya kadi akalifungua tena. Na mimi nilikuwa pembeni yake nimemshikia tochi. Wote tuliona pumba. Kyela hii nani anashtuka kuona pumba?

Nilicheka hadi mama akaja. Halafu nikalia kidogo kwa ajili ya bati.

Jumamosi, 20 Septemba

Lusajo amesafisha kwa brashi na kipulizio. Amekwangua pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Amekataa hela. Ana aibu, vizuri. Meza tumeihamishia sebuleni, upande wa mikakao, ambako dirisha halifungwi mchana. Mama anasema sebule imekuwa ofisi.

Mashine ya mpunga imepata mkanda, inaunguruma. Baba alicheza hadi saa ya chakula. Haikuganda. Hakufika gatini kwa sababu aligonga boya, na hilo kosa ni lake mwenyewe. Alitukana kwa Kinyakyusa. Neno zima.

Jumanne, 23 Septemba

Uji, dawa, uso, kompyuta.

Baba alipita maboya akapunguza mwendo. Bandari ikaja yote. Akageuza ubavu taratibu sana, vidole vya mkono wa kulia vikicheza kidogo kidogo, hadi meli ikagusa gati bila kishindo. Mimi nilishangilia. Yeye hakushangilia. Alibaki ameshika mausi, akanigeukia.

"Kamba," akasema.

Sikuelewa. Niliangalia waya wa mausi, nikaangalia waya wa umeme. Akarudia, sasa kwa hasira. Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Amefika. Mdakie kamba umfunge gatini, atakaa hapo mpaka lini?"

Nikaenda jikoni nikachukua kamba ya kufungia mkungu. Nikaifunga kwenye mguu wa meza. Nilijisikia mpumbavu. Baba akainama, akalitazama fundo langu, akatikisa kichwa. Akaachia mausi. Mkono wa kulia ukashuka, ukapapasa, ukalifungua fundo. Wa kushoto ukashika ncha ya kamba. Ilichukua muda mrefu. Mama aliacha kumenya. Hatukumsaidia. Akafunga fundo la kwao la melini, akalivuta kwa mkono wa kulia hadi likakaza.

"Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akataka chai.

Nimezima kompyuta. Kamba ipo pale pale, nimemwambia mama asiifungue. Mkungu umekaa sakafuni bila kamba, na ndizi zimepikwa jioni vile vile.