Zena Alimwambia Shangazi Yake

Alhamisi. Hapa Garsen jua limewaka tangu asubuhi, hata upepo wa mtoni hakuna, na mimi nina wivu. Nasema mapema nisije nikajifanya nimekasirikia kitu kingine.

Leo watu wa Bunge walikuja kukusanya maoni ya umma kuhusu mswada wa kuwalinda watoto mtandaoni. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Kurasa mbili, mwandiko safi. Nilisoma kuhusu faini na picha chafu kuondolewa, nikapigiwa makofi ya adabu tu.

Kisha akasimama Mwanajuma, dada ya mume wangu. Hakuwa na karatasi. Akasema anamjua msichana aliyefanya urafiki kwenye simu na "msichana mwenzake", kumbe ni mwanamume mzima. Huyo mwanamume alipoanza kumwomba picha za mwili wake, mtoto aliogopa hadi akawa anashinda na sweta kwenye joto hili. Mwanajuma akataka sheria ilazimishe kampuni kumfungia akaunti mtu kama huyo siku ile ile anaporipotiwa. Karani akaandika kila neno.



Binti yangu Zena amevaa sweta wiki tatu sasa. Mimi nilidhani ni homa, nikampa dawa ya malaria.

Nilimfuata Mwanajuma nje.

"Wifi, hakutuma hata picha moja," akaniambia kabla sijauliza. "Yule mtu nilimfungia mimi mwenyewe kwenye simu. Lakini mtoto aliniapisha nisikwambie."

Kwetu mambo ya mwili msichana humpelekea shangazi, si mama. Hata mimi nilifanya hivyo. Lakini leo desturi hiyo imenichoma. Nimembeba mimi, nimemnyonyesha mimi, halafu siri yake iko kwa Mwanajuma, ambaye hata kupika wali hajui!

Tena ukweli ni kwamba nilijiponza. Mwezi uliopita niliapa mbele ya wanangu kwamba binti nitakayemkuta akiongea na mwanamume kwa simu, shule basi. Zena alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Niliporudi nilitaka kumuuliza, nikashindwa. Nimemtuma kwa shangazi yake apeleke kambale, na sikumwambia arudi haraka.

Kati yetu ni ua wa makuti tu. Namsikia anacheka huko. Nimekaa jikoni nasikiliza, na sijui nifanye nini ili acheke hivyo hapa.