Mraba Uliomeza Mlima

Dar es Salaam
3 Februari 1997

Mjomba Ambindwile,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila joto la huku linanichemsha bila chumvi. Mama Joyce hajambo? Na mgongo wako, bado unausingizia kila jembe linapotajwa?

Krismasi uliniuliza utafiti wangu ni wa nini, nikakujibu ovyo. Ngoja nijaribu tena. Kompyuta inayotabiri mvua inaikata nchi vipande vya mraba, kama daftari la hesabu, na kila mraba inaupa hali ya hewa moja. Sasa mraba wetu ni mkubwa mno: una Tukuyu yenye mvua, una Usangu na Chunya zenye ukame. Kompyuta inachanganya yote, inatoa wastani, na mlima Rungwe unapotea. Ndiyo maana mwaka juzi utabiri ulisema mvua kidogo, mama akapanda viazi bondeni kule Kisiba, mto ukaja ukachukua viazi na banda la nguruwe.

Nataka kukata miraba midogo, mlima uonekane. Inahitaji mashine kubwa na fedha za miaka miwili. Kuna Mfuko mmoja wa wafadhili umelipenda andiko langu, ila wanasema fedha za mwaka huu ni za ukame. Nibadilishe kichwa tu: "Kutabiri Ukame Wilayani Rungwe." Msimamizi wangu anasema andika, ukishazipata utafanya unalotaka. Mwezi wa nne mtu wao, Bwana Henk, atakuja huko kupiga picha za ardhi iliyokauka. Nimempa jina lako. Mtafutie mahali, Mjomba.

Mpwa wako,
Sekela

Ibighi, Tukuyu
20 Februari 1997

Mpwa wangu Sekela,

Marahaba, na ndaga fijo kwa barua. Sisi wazima. Mgongo haujambo, mwenye mgongo ndiye mvivu. Tangu ushirika utupunguze kazini, cheo changu ni Mkurugenzi wa Mitumba, nusu meza. Nusu nyingine ni ya Zubery, ambaye babu yake alitoka Kilwa, na yeye bado anaishangaa baridi kana kwamba amefika jana.

Barua yako nilimsomea. Akacheka mpaka akaangusha suruali, za biashara, si yake. "Ukame Rungwe? Mwambie huyo mtoto kanzu yangu niliianika Januari, sasa imeota uyoga."

Sikiliza. Mimi si malaika. Juzi nimeuza koti lisilo na kifungo hata kimoja, nikamwambia mteja huo ndio mtindo wa Ulaya. Uongo naujua, tunasalimiana. Lakini huu wako una kasoro: unakurudia mwenyewe. Unagombana na mashine kwa sababu imeufuta mlima. Ukiandika kwamba tumekauka, utakuwa umeufuta wewe, kwa kalamu, tena mtoto aliyezaliwa miguuni pake. Na mwakani miraba yako midogo ikionyesha mvua, utawaambia nini?

Mgeni nitampokea, mgeni hafukuzwi. Ila mahali pakavu sina.

Mjomba wako,
Ambindwile

Dar es Salaam
12 Machi 1997

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima.

Nimecheka, halafu nimekasirika. Ni rahisi kuwa mkweli ukiwa na migomba nyuma ya nyumba. Mkataba wangu chuoni unaisha Juni, na serikali haiajiri. Bila Mfuko hakuna mashine. Bila mashine mlima utaendelea kupotea, na mama ataendelea kupanda kwa kubahatisha. Kichwa kimoja cha uongo kwa utabiri wa kweli: mimi naona bei ni nafuu.

Mpeleke kwa Jotham, wanakofyatua matofali. Pale ni udongo mtupu. Apige picha aondoke. Tafadhali, usinifanyie mchezo.

Sekela

Ibighi, Tukuyu
9 Aprili 1997

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi wazima, tumelowa tu. Naona safari hii umetia sahihi "Sekela" tupu, upwa umebaki Dar es Salaam. Nimelipokea.

Bwana Henk alifika Jumatatu. Kijana mrefu, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na kichwani kofia pana ya jua. Mvua ilikuwa inanyesha, ile yetu isiyo na haraka. Akasimama mezani kwetu akauliza, "Samahani wazee, ardhi iliyopasuka iko wapi?"

Zubery akavua kiatu. "Anzia hapa kwenye kisigino changu, bwana."

Nilijitahidi, Sekela. Nilimpeleka kwa Jotham. Matofali yote yalikuwa yamefunikwa turubai na majani ya migomba. Henk akaomba yafunuliwe kidogo tu. Jotham akamtazama kama mtu aliyeombwa kumfunua mtoto mchanga kwenye baridi. "Bwana, haya nimeshayafyatua mara tatu. Ukiyafunua, ya nne utafyatua wewe."

Hapo ningeweza kumpeleka jikoni kwangu akapige picha ya udongo wa karibu na mafiga, mambo yakaisha. Nilishafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwambia, "Twende Kisiba ukaone mvua ilifanya nini." Kwa hiyo usimlaumu Jotham, wala mvua. Ni mimi.

Gari likazama kabla hatujafika bondeni. Mama yako akatokea, jembe begani. Henk akajitambulisha kwa adabu zote, na Mfuko akautaja. Dada yangu Veronika, ambaye naye nilishamsomea barua zako, akamwangalia kuanzia kofia kushuka chini.

"Kumbe ni wewe unayetaka mwanangu aseme huku hakunyeshi? Haya. Shuka usukume ukame wako."

Alishuka, Sekela. Alisukuma. Na mimi nilisukuma, yaani nililishika gari kwa heshima huku mgongo ukinishauri. Lilipogoma kabisa, kijana wa watu alikuwa tope mpaka kwenye nyusi. Mama yako akampa ndizi za kuchoma na sweta la marehemu baba yako. Alipomaliza kula akatoa kamera, akapiga picha gari lake mwenyewe. Hakupiga nyingine. Ng'ombe wa jirani ndio waliolitoa.

Kama nimekuvunjia riziki, nimeivunja kwa macho makavu. Ndicho kitu pekee kikavu wilaya nzima.

Mjomba wako,
Ambindwile

Ibighi, Tukuyu
30 Mei 1997

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Posta wanasema barua zote za Dar zinafika, kwa hiyo kimya hiki ni chako. Mama Joyce naye yuko upande wako, ananisemesha kupitia watoto: "Mwambieni baba yenu chakula kiko tayari." Na mimi nimekaa papo hapo.

Kukasirika una haki. Ila usiningoje nijute, nimejaribu, haitoki. Nimekutumia mkungu wa ndizi kwa basi. Ndizi hazina kosa, kula.

Bado mjomba wako,
Ambindwile

Dar es Salaam
24 Juni 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, ndizi zimefika, na zilizopondeka nimezila kwanza. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza yalitoka matusi, na mjomba hatukanwi.

Jana niliitwa mbele ya kamati ya Mfuko. Henk alikuwepo. Aliweka mezani picha moja: gari lao, limezama hadi milangoni. Mwenyekiti akasema picha ile haihusiani na mada, akanisogezea andiko lenye kichwa kile, na kalamu juu yake.

Nilikwenda kutia sahihi, Mjomba. Nilivaa hata viatu vya kuazima. Lakini pembeni mwa ile picha nikaona mpini wa jembe, na mkono wa mama umeushika. Nikasema, "Gari lenu limezama ndani ya mraba mnaosema umekauka. Siandiki." Mwenyekiti akaniuliza kama najua ninachokikataa. Nikamjibu najua kuliko yeye, maana mimi ndiye niliyekihitaji.

Wamefunga faili. Henk alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa ile picha.

Nimepata kazi ya kufundisha hesabu kwenye shule ya binafsi, na idara wameniachia kompyuta ya zamani waliyotaka kuitupa. Haiwezi kubeba kanda nzima. Basi nitaibebesha Rungwe peke yake, polepole, hata ikikoroma.

Mpwa wako,
Sekela

Dar es Salaam
2 Oktoba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe. Mwambie mama asipande bondeni msimu huu.

Mashine imemaliza. Mlima upo, Mjomba! Umesimama katikati ya karatasi, mawingu yanaupanda kutoka ziwani. Inasema mvua itakuwa kubwa kuliko ya mwaka juzi. Inaweza kukosea, na mimi pia. Ikikosea, nitakuja nimlimie mwenyewe.

Mpwa wako,
Sekela

Ibighi, Tukuyu
11 Februari 1998

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na Mama Joyce sasa ananisemesha mwenyewe, kiasi kwamba natamani arudi kuwatuma watoto.

Majirani walimcheka mama yako msimu mzima, kuacha bonde zuri vile likiwa tupu. Akawajibu, "Mwanangu amekataa fedha za Wazungu kwa ajili ya mvua hii. Mimi nishindwe kuliacha bonde?" Akapanda juu, kwenye mawe. Mimi nilimsaidia kwa ushauri.

Jana mto ulipanda. Tulikuwa kule juu mimi na yeye. Uliingia bondeni kwa kishindo, ukazunguka, ukatafuta viazi, ukatafuta nguruwe, kama mgeni aliyekuta wenyeji wamehama. Ukaondoka na uzio mmoja uliokwisha kuoza. Veronika akajishika kiuno akauambia, "Leo umenoa!"

Jirani zetu wawili waliopanda chini wamepoteza. Hawacheki tena, wanauliza kama hiyo mashine yako inakubali na maswali ya mahindi. Wajibu, ni watu wazuri.

Viazi vinakaribia kuchimbwa. Nitafutie anwani ya ule Mfuko. Mama yako anataka kuwapelekea gunia moja, na Zubery ameshapata rangi ya kuandikia juu yake, herufi kubwa: ZAO LA UKAME WA RUNGWE.

Mjomba wako,
Ambindwile